Tuchague Yoti, Sisi wa Litapunga

Sisi wa Litapunga hatuna bahari. Hata Ziwa Tanganyika, ukitaka kuliona, sharti upite Mpanda mjini kisha uteremke mpaka Karema. Lakini juzi kijiweni tulikaa toka saa moja mpaka saa nne usiku tukichagua yoti.

Ndiyo, yoti! Jamaa yangu mmoja kashika simu, anatuonyesha Azzam, mita 180, iliyotoka kiwanda cha Lürssen cha Ujerumani mwaka 2013. Mwingine kang'ang'ania Eclipse ya yule tajiri Abramovich, mita 162 na ushei. Mimi, kwa sababu ya undugu wa zamani wa Unguja na Oman, nikaitetea Al Said ya Sultani, mita 155. Tukabishana kama vile kuna mtu kasimama pembeni na hundi.

Mzee mmoja aliyekuwa anatusikiliza alituambia ni ujinga fukara kulinganisha anasa, twende tukalime tumbaku. Sikubaliani naye. Ndoto hailipiwi ushuru bwana, na fukara naye ana macho ya kupenda kitu kizuri. Kilichonisumbua nilipolala ni kingine: saa tatu nzima hakuna aliyeuliza meli zile zinambeba nani, na zinakwenda wapi. Tulipima urefu tu. Nani alitupa rula ile?

Maana kuna jambo la kuchekesha. Kwa kanuni za kimataifa, chombo kikibeba abiria zaidi ya 12 kinahesabiwa meli ya abiria, na masharti yake ni magumu. Kwa hiyo yoti nyingi za kifahari huishia wageni 12, na mabaharia wanaowahudumia huwa wengi kuliko wageni wenyewe.

Sasa msomaji usidhani nataka kuwasema Wazungu na Waarabu wa mbali. Sultani wetu Barghash wa Unguja alipoteza meli zake katika tufani ya mwaka 1872. Akaagiza nyingine Uskochi, ifanane na manowari ya Kiingereza iliyomvutia, hata jina akaipa lile lile: Glasgow. Ilishushwa majini mwaka 1878. Ilipofika, haikumfurahisha. Ikakaa bandarini miaka na miaka, mpaka tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipoizamisha katika vita ambavyo havikumaliza hata saa moja. Milingoti ikabaki imechomoza juu ya maji, watu wa mjini wanaitazama.

Barghash hakuwa mpumbavu. Ndiye aliyewaletea watu wa mji maji ya bomba. Mkono ule ule ulioagiza mabomba ndio ulioagiza Glasgow! Nadhani kwenye maji alitazama kiu ya watu wake, na kwenye meli alitazama meli ya jirani.

Halafu kuna Liemba yetu. Nayo haikujengwa kwa wema. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 wakiiita Graf von Goetzen, ikaja vipande vipande kwenye masanduku, ikaunganishwa Kigoma, ikatumika vitani. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe wasiiache mikononi mwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi. Hebu fikiri: unazamisha meli, na bado unaitunza! Waingereza wakaiibua 1924, na toka 1927 ikabeba watu, mahindi na dagaa kwa miongo mingi, Kigoma mpaka Mpulungu. Urefu wake ni kama mita 71. Kwa rula yetu ya kijiweni isingepata hata kura moja.

Nilipowaeleza haya, jamaa wa Azzam akanijibu vizuri, lazima nikiri. Akasema fundi aliyechomelea Azzam alilisha watoto wake, wewe unataka akose kazi? Sikuwa na jibu, na sina hata sasa.

Ila mjadala wenyewe haukuanza na yoti. Sisi watatu tumeweka hela ya vibarua misimu miwili, tunataka chombo kimoja cha biashara. Guta la kubebea mizigo, au pikipiki? Mimi ndiye niliyeshikilia pikipiki tena kwa maneno makali, nikataja mafuta, nikataja spea. Ukweli ni kwamba kuna kijana hupita hapa na pikipiki nyekundu, mlio wake unasikika kabla hujamwona, na wasichana kisimani hugeuka. Sababu nyingine zote nilizitafuta baadaye. Na mahindi ya mama yangu bado yanakwenda sokoni kichwani.

Jumamosi tunakwenda Mpanda na hela. Nimewaomba wenzangu, kabla hatujaingia dukani, kila mmoja aseme chombo kitambeba nani. Jamaa wa Eclipse kacheka sana.

"Wewe," kaniambia, "si ndiye ulikuwa unataka Al Said?"