Mwizi Aliyekuwa Ndani ya Hema

Somo: Mwanzo 29:15-30 na Mwanzo 31

Ninawasalimu ninyi nyote wa Nakivale, mlioko Base Camp, Juru na Rubondo, pamoja na wageni wetu mliofika tangu mwanzo wa mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kuchukuliwa, ambao wengine bado mnalala chini ya turubai mkingoja kiwanja. Fungueni Biblia zenu mahali nilipotaja. Asiye na Biblia aketi na jirani yake wasome pamoja, maana nitataja mistari mingi bila kuiandika yote.

Miezi hii watu wanaokuja kuombewa wananiletea maneno matatu. La kwanza: Mchungaji, wameniibia. Sufuria iliyosahauliwa nje usiku, dumu kwenye foleni ya maji, taa ya sola iliyoanikwa juu ya paa, kuku aliyekuwa akiatamia. La pili: kibarua kimeisha, msimu wa kupalilia umepita na tajiri hana kazi nyingine. La tatu: nilifanya kazi na sikulipwa, au nililipwa nusu.

Wako wanaosema haya ni mambo madogo, yasiletwe kanisani. Mtu aliyekimbia risasi atalia kwa ajili ya sufuria? Ndiyo, atalia. Mama mwenye sufuria moja akiibiwa, watoto wake hawali mpaka jirani amalize kupika ndipo aazime. Na kibarua vilevile. Chakula cha msaada kilianza kupunguzwa mwaka 2020, kikapunguzwa tena 2021, na mwaka 2023 tukagawanywa makundi matatu, wengine wakakosa kabisa. Tangu hapo zile shilingi 5,000 za kutwa nzima ndizo ugali wa nyumba, ndizo sabuni na daftari la mtoto. Kwa hiyo leo ninahubiri juu ya sufuria na kibarua bila haya. Biblia yenyewe ina sura nzima juu ya mambo hayo.

Yakobo alikuwa mkimbizi. Alitoka kwao Beer-sheba kwa kuogopa kuuawa na ndugu yake, akavuka Yordani na fimbo tu mkononi. Alifika Harani hana kitu. Na aliyempokea alikuwa Labani, mjomba wake, ndugu ya mama yake, damu yake kabisa. Labani alimkimbilia, akamkumbatia, akambusu, akamwingiza nyumbani. Mwezi ulipokwisha, mjomba mwenyewe ndiye aliyeanza maneno ya mshahara: haifai unitumikie bure kwa sababu wewe ni ndugu, niambie unataka nini. Maneno mazuri sana. Nilipokuwa chuo cha Biblia mwalimu wetu alituuliza: katika mapatano hayo, shahidi alikuwa nani? Tulipekua mistari ile darasa zima, hatukumpata.

Ninyi mnajua yaliyofuata. Miaka saba kwa ajili ya Raheli, asubuhi akakuta ni Lea. Miaka saba mingine. Kisha sita kwa ajili ya wanyama. Jumla miaka ishirini, na Yakobo anasema mshahara wake ulibadilishwa mara kumi. (Habari ya zile fito alizoambua mbele ya kondoo nitaiacha siku nyingine, maana ina maswali yake.) Soma sasa 31:38-40 pole pole, usikie kibarua akisema. Mchana jua lilimla, usiku baridi, usingizi ulimkimbia. Mnyama akiraruliwa, hasara ni ya Yakobo. Na mnyama aliyeibwa, iwe mchana au usiku, anadaiwa Yakobo.

Je, hilo la mwisho hamlijui? Kijana analinda duka la mtu. Usiku wezi wanakata bati na kuchukua betri ya sola. Asubuhi tajiri anamwambia, mshahara wako wa miezi miwili umekwisha hapo. Mwizi amemwibia tajiri, na tajiri akaenda kuchukua chake kwa maskini.

Tukitaja Labani, wengi wetu tunamfikiria mwenyeji mwenye shamba la ndizi. Kweli wako wenyeji wabaya. Lakini niseme niliyoyaona: wako wenyeji wanaolipa jioni ile ile, tena na mkungu wa ndizi juu yake, na wako ndugu zetu wa kanisa ambao wanadaiwa tangu msimu wa mahindi uliopita. Labani alikuwa ndugu. Yule aliyefika hapa miaka kumi na mitatu iliyopita, ana kiwanja, amekodi shamba, anajua lugha ya huku, ndiye anayewaajiri waliofika juzi. Mama anapalilia maharage siku tano. Siku ya malipo anahesabiwa siku tatu: siku moja mvua ilinyesha mkarudi mapema, siku nyingine nilikupa chakula cha mchana. Hayo hayakusemwa siku ya kwanza. Na kapita naye, anayekusanya watu barabarani alfajiri, anapokea 6,000 kwa kila kichwa na kuwapa 4,000, halafu Jumapili anatoa sadaka kwa mikono miwili.

Akiulizwa, Labani wa siku hizi anajibu: utanishtaki wapi, wewe si mkimbizi tu? Huo ni uongo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na aliyefanya kazi ana haki ya kudai. Na kabla ya sheria hiyo kulikuwa na Kumbukumbu la Torati 24:14-15. Someni. Kibarua maskini, awe ndugu yako au awe mgeni, umlipe siku hiyo hiyo kabla jua halijatua. Mungu hakusema tu lipa, ameweka na saa, na ameeleza sababu: mtu huyo ni maskini na roho yake imeutegemea ujira huo. Jioni anapita dukani kununua unga. Ukimwambia rudi Jumatatu, unamwambia alale njaa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mtume Yakobo naye, sura ya 5 mstari wa 4, anaandika kwamba ujira uliozuiliwa wenyewe unapiga kelele. Kibarua anaweza kunyamaza kwa kuogopa kunyimwa kazi kesho. Pesa iliyoko mfukoni mwako hainyamazi.

Sasa twende kwa Raheli, maana hapa ndipo somo linatugusa sisi tulioonewa.

Katika 31:14-15 Raheli na Lea wanalalamika juu ya baba yao wenyewe. Wanasema amewauza na kuila fedha yao. Lalamiko hilo ni la kweli. Mistari michache mbele, Labani ameenda kukata manyoya ya kondoo, na Raheli anaiba miungu ya nyumbani ya baba yake. Biblia haisemi kwa nini. Wafafanuzi wameandika mengi: kwamba aliiabudu, kwamba alitaka urithi. Mimi ninayeishi hapa sipati shida kuelewa. Nimesikia maneno yake mara nyingi kwa Kiswahili chetu: Sikuiba, Mchungaji, nimejilipa. Ni yule aliyenyimwa siku zake mbili, usiku akarudi shambani kung'oa muhogo. Ni yule aliyeondoka na jembe la tajiri chini ya kitenge.

Sitawaambia kwamba deni halikuwepo. Lilikuwepo. Lakini tazameni Raheli alipata nini. Miungu ile hakuweza kuiweka mahali pa wazi wala kumwonyesha mume wake. Aliificha chini ya tandiko la ngamia akakaa juu yake, baba yake alipoingia hakuweza hata kusimama. Na kuna jambo baya zaidi. Labani alipowafuata siku saba hakuwa na kesi. Miaka ishirini ya dhuluma ilikuwa juu yake. Alipofika aliongea juu ya binti zake kutobusiwa, juu ya ngoma ambayo angewapigia, maneno matupu. Kisha akauliza: kwa nini mmeiba miungu yangu? Hapo akapata kesi. Raheli ndiye aliyempa. Ndivyo inavyokuwa kwetu. Yule mdaiwa wa mishahara anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji akiwa amebeba mashina mawili ya muhogo uliong'olewa, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye mwenye kuonewa. Siku zako tano hakuna anayeziuliza tena.

Na Yakobo? Yakobo anasikia neno "mwizi" na damu inampanda. Anasema mbele ya wote kwamba atakayekutwa na vitu hivyo asiishi (31:32). Biblia inaongeza maneno machache ya kutisha: hakujua kwamba ni Raheli. Alihukumu kifo bila kuuliza, na mwenye kuhukumiwa alikuwa mke aliyempenda kuliko wote, yule aliyemlipia miaka kumi na minne. Baadaye Raheli alikufa njiani akijifungua Benyamini, na wako wanaosema ni kwa sababu ya neno lile. Biblia haisemi hivyo, wala mimi sisemi.

Lakini nina sababu ya kukaa hapa. Mwezi uliopita, katika kijiji chetu kimoja, kijana alikamatwa usiku na sufuria. Filimbi ikapigwa, watu wakatoka na fimbo na mawe. Alipigwa gizani. Taa ilipoletwa, waliokuwa wakimpiga wakamtambua: walikaa naye Shule ya Jumapili, na wawili kati yao wanakula kwao akina mama wakipika pamoja. Alishonwa kichwa. Tunamshukuru Mungu yuko hai. Kuna mahali pengine taa zilichelewa.

Ndugu zangu, vijana wangu, someni Kutoka 22:1-4. Torati ya Musa, ambayo watu huidhani kuwa kali, haikumwua mwizi wa mali. Ilimlipisha. Mwizi akipigwa akafa usiku, wakati anavunja nyumba, hapo mwenye nyumba hana hatia. Lakini jua likiwa limechomoza, damu yake iko juu ya aliyemwua. Maana yake, mara tu unapoweza kumwona uso, huna ruhusa. Na Mithali 6:30-31 inajua kwamba kuna mwizi anayeiba kwa njaa. Inasema watu hawamdharau. Lakini haimwachi hivyo, atalipa. Basi huyu kijana asipigwe, na pia asiachwe. Wazazi wake, mwenye sufuria na wazee wamekaa. Sufuria imerudi na kishimo upande mmoja. Akipona atamchotea yule mama madumu mawili ya maji kila asubuhi mpaka mwisho wa msimu wa kupanda. Mama amekubali. Aliuliza tu kama atakuja kabla ya foleni kuwa ndefu.

Nilitaka pia mwone tofauti. Usiku ule walitoka watu zaidi ya thelathini kwa ajili ya sufuria moja. Yule ndugu aliyezuia siku mbili za mama wa maharage, ambazo zinanunua sufuria, hakuna aliyempigia filimbi. Alipewa kiti mbele.

Paulo anawaandikia Waefeso (4:28) kwamba aliyeiba asiibe tena, bali afanye kazi kwa mikono yake ili awe na cha kumpa mhitaji. Kijana mmoja aliniuliza baada ya mafundisho: kazi yenyewe iko wapi? Ni swali la haki. Mstari ule unamgusa mwizi, na unamgusa pia mwenye shamba, maana ukimfanyisha mtu kazi bila kumlipa umemfundisha kwamba mikono mitupu na mikono iliyofanya kazi ni sawa.

Habari ya Labani na Yakobo iliishaje? Labani hakutubu. Mpaka mwisho anasema binti ni wangu, watoto ni wangu, wanyama ni wangu. Walichofanya ni kukusanya mawe, wakafanya chungu, wakaliita shahidi, kila mmoja kwa lugha yake, Labani kwa Kiaramu na Yakobo kwa Kiebrania. Wakasema mpaka uko hapa. Wakala pamoja. Kile kilichokosekana miaka ishirini nyuma, siku ya mshahara wa kwanza, kilipatikana siku hiyo: shahidi.

Basi wazee wa kanisa wameamua hivi. Kuna daftari. Mkristo akimwajiri mtu, waje wote wawili waandike: kazi gani, bei gani, siku ngapi, chakula kiko ndani ya bei au hapana, na malipo siku gani. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na aje na mtu wake wa kumsomea. Wasiosali kwetu nao wanakaribishwa, wa kanisa lolote na Waislamu pia. Malalamiko ya mishahara tutayasikiliza kila Jumapili baada ya ibada. Mambo ya kupigwa, kujeruhiwa, au binti kuombwa kitu kingine ili apewe kazi, hayo hatutayamaliza kanisani; tutamsindikiza mtu kwa mwenyekiti na polisi.

Daftari linakaa kwa mama shemasi wetu wa Rubondo. Kalamu mje nayo, ile ya kwanza imeibwa.