Shahidi wa Usomaji Wake Mwenyewe

Mwaka 2002 Kouider Mokhtari na Ravi Sheorey walichapisha hojaji ya vipengele 30 kwa wanafunzi wanaosoma kwa Kiingereza ambacho si lugha yao ya kwanza. Kila kipengele kinataja mbinu: kupigia mstari, kukisia maana ya neno geni, kurudia palipo pagumu. Mwanafunzi anajipa alama, 1 hadi 5, kwa kadiri anavyoitumia. Wastani wa 3.5 kwenda juu huhesabiwa kuwa mkubwa.

Mkubwa wa nini, hasa? Hojaji haimwoni mtu akisoma. Inamwita msomaji awe shahidi wa kazi aliyoifanya akiwa peke yake, na kwa kawaida akili yake ilikuwa kwenye maandishi, si kwake mwenyewe. Shaka hii ni kongwe. Katika Charmides ya Plato, Socrates anahoji kama unaweza kuwapo ujuzi ambao kitu unachokijua ni ujuzi wenyewe, na mazungumzo yanaisha bila jibu.

Chukua wanafunzi wawili waliojipa 2 kwenye kurudia palipo pagumu. Mmoja harudii kwa sababu hajui kwamba amepotea. Mwingine jicho lake hurudi nyuma lenyewe, haraka kiasi kwamba halimwachii kumbukumbu yoyote. Mbinu imekwisha kuwa mazoea. Karatasi inawaweka kapu moja, ingawa wa kwanza anahitaji mwalimu na wa pili anahitaji tu kuachwa asome. Huyo wa kwanza si wa kubuni. Mwaka 1982 Glenberg, Wilkinson na Epstein waliwapa wanafunzi wa chuo maandishi yenye sentensi zinazopingana. Wengi hawakuona mgongano wowote, na bado walisema wameelewa vizuri. Asiyeona shimo atatoaje ushahidi wa namna alivyoliruka?

Hapa Tanzania jambo linazidi kuwa tata. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akahamishiwa Kiingereza sekondari, anafika chuo kikuu akiwa na miaka kadhaa ya kutafsiri kimoyomoyo. Hojaji ile inauliza pia kama msomaji hutafsiri au huwaza kwa lugha zote mbili. Ajibu nini? Akiweka 5, huenda anakiri anachokiona kuwa udhaifu. Akiweka 1, huenda aibu ndiyo iliyojibu, au tafsiri imezama mno hata haisikiki tena. (Na swali lenyewe limekuja kwa Kiingereza, kwa hiyo huenda amelitafsiri kwanza.)

Wapo wanaopendelea kumketisha mwanafunzi asome huku akisema kwa sauti yanayompitia kichwani. Njia hiyo huvuruga usomaji kidogo, na kwenye darasa la watu 300 haifanyiki. Hata hivyo ningeanzia huko, na wachache tu, ukurasa ukiwa mezani: umekwama wapi, na ulijuaje kwamba umekwama? Alama za hojaji zingengoja hadi majibu hayo yapatikane.