Je, Kunyamaza Ni Kulinda Ndoa?



Bonasi ya chai ilipwapo huku Kericho na Bomet, nyumba nyingi hufurahi. Karo hulipwa, mabati hununuliwa. Lakini tuchukue mfano wa baba aliyebeba fedha zake akalala mjini siku mbili, na baada ya wiki tatu akaona kidonda. Alikwenda zahanati ya mbali, akaambiwa ni kaswende, akachomwa sindano. Akaungama. Nyumbani mkewe ana mimba ya miezi mitatu. Baba anajiuliza: "Nimetibiwa, nimetubu. Kwa nini niivunje amani ya nyumba?"

Tusimdharau. Aibu ni mzigo mzito, na mke ataumia. Lakini hiyo ni amani gani? Kitubio huondoa dhambi ya mume. Hakiondoi vijidudu katika damu ya mke. Kaswende yaweza kukaa mwilini mwa mama bila dalili, ikapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mtoto aweza kufa tumboni, au kuzaliwa akiwa na madhara ya mifupa, macho, masikio au ubongo. Na sindano ya penisilini, ikitolewa mapema, humtibu mama na mtoto pamoja.

Basi baba anayenyamaza halindi ndoa. Anajilinda mwenyewe, na gharama anamwachia asiyeweza hata kulia. Mtoto akizaliwa na kilema, majirani watasema mama ana laana. Baba atasikia. Je, atanyamaza tena?

Hata hivyo, si kila kilema kina mkosaji. Rubela, ambayo daktari Norman Gregg wa Australia aliihusisha mwaka 1941 na watoto waliozaliwa na ukungu machoni, humpata mama kwa njia ya hewa tu. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi yake mwaka 2016. Yesu naye, alipoulizwa juu ya kipofu wa kuzaliwa, hakumlaumu yeye wala wazazi wake.

Ewe baba, mpeleke mkeo kliniki mimba ikiwa changa, mpimwe damu nyote wawili. Msikutane kimwili mpaka nyote mmetibiwa. Neno likiwa gumu kinywani, mwombe muuguzi au padre akae nanyi. Ewe mama, hasira yako ni ya haki. Lakini tibiwa kwanza, kwa ajili ya mtoto. Mengine mtazungumza, na msamaha utakuja kwa wakati wake.

Mungu azibariki nyumba zenu.