Mafuriko ya Rufiji: Kuhama bondeni si kuikimbia kadari

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake.

Ndugu Waislamu, mafuriko ya mwaka 2024 yaliikumba Rufiji na Kibiti. Nyumba zilibomoka, mashamba yakazama na maelfu ya watu wakakosa makazi. Maji yalipopungua nilikwenda Muhoro, nilikozaliwa na kusomea alifu na be. Niliukuta mstari wa matope ukutani mwa msikiti usawa wa madirisha, misahafu imeanikwa juani, na miembe tuliyoiangua utotoni imesimama peke yake pale palipokuwa na nyumba za watu.

Nilipowaamkia wazee, mmoja wao aliniambia: "Mwanangu, wanatutaka tuhamie juu. Kilichoandikwa kimeandikwa. Mimi nitazikwa alipozikwa baba yangu." Maneno haya nimeyasikia kwa wengi, na yanahitaji jawabu la dini.

Kwanza, kuipenda ardhi uliyozaliwa si kosa. Ule msemo maarufu kwamba kupenda nchi ni katika imani, wanazuoni wa hadithi wamesema hauna asili kwa Mtume (s.a.w.). Lakini imesihi katika mapokezi ya Tirmidhi kwamba alipokuwa akiiaga Makka, aliisemesha kwa mapenzi na kuieleza kwamba asingetoka lau asingetolewa. Basi asibezwe mzee anayelilia Muhoro. Hata hivyo tuzingatie: Mtume (s.a.w.) aliipenda Makka, na alihama.

Pili, tuielewe kadari. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, alipata habari kwamba kuna tauni. Baada ya kushauriana na Masahaba aliamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kuwa wanatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Kisha akampigia mfano wa bonde lenye pande mbili, moja lina malisho na jingine kavu: popote utakapolisha ngamia wako, umelisha kwa kadari ya Allah. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Kwa hiyo mzee wangu, ukibaki bondeni ni kadari, na ukipanda juu ni kadari. Ulichopewa wewe ni akili ya kuchagua.

Lakini haki isemwe kwa pande zote. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu wa bondeni katika Operesheni Rufiji. Wengi wao waliendelea kushuka kulima. Kwa nini? Kwa sababu juu kuna mchanga, na bondeni kuna rutuba. Mto Rufiji unapofurika huacha tope, na maji yakishuka watu hupanda mazao ya mlau kwenye unyevu ule. Mto huo huo unaobomoa nyumba ndio unaojaza ghala. Anayewahamisha watu hawa awape kiwanja, maji, shule na njia ya kuyafikia mashamba yao. Bila hivyo watarudi, na mto utawakuta tena.

Tatu, ni sisi tunaoishi mijini. Mbagala na Temeke zimejaa watoto wa Rufiji. Maafa yakitangazwa tunachanga nguo kuukuu na unga, tunapiga picha, tunaondoka. Wiki mbili baadaye, mkulima aliyepoteza mbegu zote anahitaji mbegu kabla unyevu wa mlau haujakauka, na hapo hatupo. Sadaka ina wakati wake. Mwenye zaka akumbuke kuwa aliyekuwa na ghala jana anaweza kuwa fukara leo, na miongoni mwao wamo wasiojua kuomba.

Wala tusiwe wepesi wa kusema watu wa Rufiji wameadhibiwa kwa madhambi yao. Nani kakupa habari hiyo? Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa kwa kuzama miongoni mwa mashahidi. Na katika Suratul Baqara, aya ya 155, Allah (s.w.) anatueleza kuwa atatujaribu kwa hofu, njaa na upungufu wa mali, watu na matunda, na anawabashiria kheri wenye kusubiri. Wao wanajaribiwa kwa kupoteza. Sisi tunajaribiwa kwa kile tulichobakiwa nacho mkononi.

Allah awarehemu waliofariki, awape makazi ya amani waliobaki, na aifungue mikono yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.