Je, Ndege Naye Anastahili Ujira?

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Lakini katika mapori ya nchi yetu warina asali wamemfuata pia ndege. Ni ndege mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia, aitwaye mlembe. Humjia mtu, hulia mfululizo, kisha huruka mti hata mti mpaka kwenye mti wenye nyuki. Mtu huwasha moshi, hupasua mti na kutoa asali. Ndege hutaka masega, kwa kuwa Muumba amempa tumbo linaloweza kumeng'enya nta. Kila mmoja anacho alichokosa mwenzake: ndege anajua nyuki walipo, mtu ana moto na shoka.

Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walieleza waliyoyaona kwa Wayao wa Niassa, Msumbiji. Warina asali wa huko wana mlio maalumu wa kumwita ndege huyu. Wanapoutoa, nafasi ya kuongozwa huongezeka kutoka kama theluthi moja hadi theluthi mbili. Mwaka 2023, yeye na Brian Wood walilinganisha Wayao na Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini ya Singida. Wahadzabe hupiga mbinja. Ikaonekana kwamba ndege wa kila mahali huitikia zaidi wito wa watu wa mahali pake. Hakuna aliyewafuga. Tena hawakufundishwa na wazazi wao, maana hulelewa katika viota vya ndege wengine.

Je, ujira hulipwa? Wayao humwekea ndege masega juu ya majani. Kwa Wahadzabe, Wood na wenzake waliandika mwaka 2014 kwamba mara nyingi nta huchomwa au hufichwa, ili ndege abaki na njaa aendelee kuongoza. Tusiharakishe kuwahukumu. Ndege hujiokotea mabaki, na porini kila mmoja hutafuta riziki ya siku. Lakini swali linabaki kwetu sisi tunaosoma: ni dhambi kumnyima ujira ndege aliyetuongoza?

Wako watakaojibu kwamba tuwaige wanyama, maana hawana hila. Hatuwezi kusema hivyo. Kinda wa ndege huyuhuyu hutoka yaini na ncha kali mdomoni, na kwa ncha hiyo huwaua makinda wa ndege anayemlea. Viumbe vyote vinaugua pamoja nasi, kama Paulo anavyowafundisha Warumi katika sura ya 8. Kwa hiyo hatupati amri zetu porini. Tunazipata katika Neno la Mungu, kisha tunakwenda nazo porini, shambani na jikoni.

Neno hilo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, linakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anaitumia amri hiyo kuwatetea watu wanaofanya kazi. Wengine hudhani basi ng'ombe hana maana mbele za Mungu. Sisi tunaona jambo lingine. Mungu alipotaka kutufundisha haki ya mfanyakazi, alianza na mfanyakazi asiyeweza kudai. Ng'ombe haendi kwa mtendaji wa kijiji. Ndege hana mkataba. Ujira wao unategemea tu kama yule aliyenufaika anamcha Mungu.

Basi tujiulize habari za watu. Dodoma yetu inajengwa kila siku. Wako vibarua wanaobeba zege, wako wanaopogoa mizabibu Hombolo, wako vijana wanaochunga mifugo ya wengine, wako dada wa kazi majumbani mwetu. Wengi hawana karatasi yoyote mkononi. Na tunalisikia neno hili hata kwa watu wa kanisani: ukimlipa zote, kesho harudi. Kwa hiyo mshahara wa miezi miwili unashikiliwa ili binti asiondoke. Hiyo ndiyo nta iliyochomwa ili ndege abaki na njaa. Tofauti ni kwamba huyu ni mfano wa Mungu, na kwao kuna mama anayesubiri fedha ya unga.

Martin Luther, akieleza amri ya saba katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alionyesha kwamba wizi haufanywi tu na yule anayevunja kabati. Upo sokoni, dukani na popote watu wanapofanya kazi na kulipana. Walawi sura ya 19 inataka ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hata asubuhi. Na mwenye shamba la mizabibu katika mfano wa Bwana Yesu aliwalipa wote jioni ileile, hata waliokuja saa ya mwisho.

Jibu letu, basi, ni hili: ndege hawezi kutudai, lakini Mwenye ndege anaweza. Anayemwachia mlembe kipande cha sega amekiri kwamba asali haikuwa yake peke yake. Na kama yuko mtu anayetudai ujira wake, tusiende kwenye Meza ya Bwana Jumapili ijayo kabla ya kumpigia simu na kumlipa.