Halali Isiyochinjwa

Mkahawa wa chaza huuza kitu ambacho bucha haiuzi, nacho ni ukaribu wa kifo. Ule wa chini ya stesheni ya Grand Central, New York, uliofunguliwa 1913, na ile midogo ya mtaani inayoandika ubaoni kilichovuliwa leo, yote hujisifia jambo moja: chaza hufunguliwa kwa kisu akiwa hai, na hufika mezani hata hajafa sawasawa. Akifa mwenyewe kabla ya hapo, hutupwa, maana huharibika upesi na kudhuru. Waislamu wengi wa pwani yetu, ambao ni Mashafi, hawana shida naye; cha bahari ni halali na hakingoji kuchinjwa. Mahanafi humwacha kwa kuwa si samaki, na Wasabato kwa sheria ya mapezi na magamba iliyomo katika Mambo ya Walawi, sura ya 11. Lakini hao wote wanauliza kama kiumbe huyu analika. Mimi nauliza jambo jingine: je, aliyeondolewa sharti la kuchinja ameondolewa pia wajibu wa kuangalia kiumbe anakufaje?

Sidhani. Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim inataka ihsani katika kila jambo, kisha inataja kuua peke yake na kuchinja peke yake. Basi kisichochinjwa hakijatoka katika hukumu. Kimebaki upande wa kuua. Na huwezi kumfanyia ihsani kiumbe usiyejua anaumizwa na nini. Chaza hana ubongo, ana mafundo machache tu ya neva, na akishaganda kwenye jiwe au mzizi wa mkoko hahami tena. Maumivu yanayomhimiza mnyama akimbie yangemfaa nini? Pweza aliyelazwa kwenye barafu ya mkahawa ule ule ni habari nyingine kabisa. Ana chembe za neva zipatazo milioni 500, nyingi zikiwa mikononi, na hujifunza na kukumbuka. Uingereza, katika sheria yake ya mwaka 2022, iliwatambua pweza, ngisi, kaa na kamba kuwa viumbe wenye hisia, ikamwacha chaza nje. Kwa hiyo mlaji anayesita mbele ya chaza hai huku akiagiza kaa aliyetumbukizwa hai kwenye maji yanayochemka amekosea mahali pa kusita.

Atakuja mtu aseme huku ni kuongeza dini, kuharamisha kilichohalalishwa. Hapana, pweza anabaki halali, na kinachodaiwa ni mkono wa anayemuua. Mwingine, na huyu ana hoja nzito zaidi, atasema mvuvi maskini asitwishwe falsafa za wenye kushiba. Ila kisu kimoja kati ya macho ya pweza hakigharimu kitu, na kumpigapiga jiweni ili alainike kunawezekana akiwa keshakufa. Uswisi ilipiga marufuku mwaka 2018 kumchemsha kambakoche kabla ya kumzimisha, na bado huliwa huko. Linalobaki ni shaka kuhusu chaza mwenyewe. Mwanafalsafa Peter Singer, aliyetetea wanyama katika kitabu chake cha 1975, ameyumba juu yake, mara aruhusu, mara akataze. Shaka hiyo naikubali, lakini ni ndogo mno kuliko ile iliyomo katika sufuria ya kaa.