Na Waliobeba Mizigo, Je?

Tarehe 16 Desemba 1916, mjini Krugersdorp, Afrika Kusini, watu walikusanyika kutazama sinema bubu iitwayo De Voortrekkers. Hawakwenda kujifunza. Walikwenda kuambiwa kwamba wao ni wema. Waliwaona mababu zao wa Kikaburu wakisafiri kwa magari ya maksai kuingia bara. Wakamwona Dingane, mfalme wa Wazulu, akitiwa maneno ya fitina na Wareno wawili walaghai. Wakamwona kiongozi wao Piet Retief akiuawa pamoja na wenzake. Kisha, kama thawabu ya mateso yote hayo, wakaiona vita ya Mto Ncome: boma la magari, moshi wa bunduki, Wazulu wakianguka. Siku yenyewe haikuchaguliwa kwa bahati. Vita ile ilipiganwa tarehe 16 Desemba 1838, na Makaburu waliiadhimisha kila mwaka wakiamini kuwa Mungu aliipokea nadhiri waliyomwekea kabla ya kupigana. Sinema haikuwa na sauti. Sauti waliitia wao.

Na waliipenda.

Msiniambie hawakujua. Mtunzi wa hadithi, Gustav Preller, alikuwa mwandishi wa habari aliyekwisha kuandika kitabu juu ya Retief. Alijua nini akiweke na nini akitoe. Mwongozaji Harold Shaw na tajiri I. W. Schlesinger, mwenye kampuni iliyoitengeneza, walikuwa Wamarekani: hadithi takatifu ya taifa ikafinyangwa na wageni, ikauzwa kwa tiketi. Maandishi yake yaliwekwa kwa lugha mbili, ili Kaburu na Mwingereza, waliouana tangu 1899 hadi 1902, wakae safu moja na kumchukia adui mmoja. Watazamaji wa Kiingereza walipewa jina lililokiri kosa waziwazi: Kulitwaa Bara. Tangu lini kutwaa cha mwenzio kukawa ushujaa? Miaka mitatu kabla ya hapo, sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwaachia Waafrika, walio wengi, asilimia 7 hivi ya nchi yao. Na mwaka uleule wa 1916 mwandishi Sol Plaatje alichapisha kitabu cha kueleza habari za familia zilizofukuzwa mashambani, zikitangatanga na mifugo yao zisijue pa kulala. Basi nchi ilikuwa na misafara miwili. Mmoja ulikuwa wa miaka themanini nyuma, ukatengenezewa sinema. Mwingine ulikuwa ukipita mlangoni, ukafungiwa pazia.

Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake.

Hesabuni waliotolewa. Retief aliuawa tarehe 6 Februari 1838 pamoja na watu wake wapatao sabini, na watumishi wapatao thelathini wakafa nao siku hiyohiyo. Vizazi vya watoto wa Kikaburu vilikaririshwa jina la Retief; nani alikaririshwa jina la mtu aliyemfungia maksai wake? Katika sinema yumo Mwafrika mmoja mwema, Sobuza, na wema wake wote ni kumwacha mfalme wake na kuwa mtumishi wa Makaburu. Walioigiza jeshi la Wazulu walikuwa wafanyakazi wa migodini, waliotakiwa kuja kushindwa upya mbele ya kamera. Katika kupiga picha za vita, maigizo yakageuka mapigano ya kweli, hata polisi wakaingilia kati. Nadhani hiyo ndiyo saa pekee ambayo kazi ile ilisema kweli.

Lakini kosa si la mtunzi peke yake. Uongo hauna miguu; hubebwa. Huu ulibebwa na mwalimu darasani, mchungaji mimbarini, mwanasiasa jukwaani, na baba aliyempakata mwanawe katika giza la ukumbi. Mwaka 1938 magari ya maksai yakatembezwa tena nchi nzima kwa kumbukumbu ya miaka mia ya msafara ule, na jiwe la msingi la mnara wao likawekwa Pretoria tarehe ileile, 16 Desemba. Miaka kumi baadaye, mwaka 1948, wenye siasa ya ubaguzi wakaingia madarakani kwa kura. Sisemi sinema moja iliuzaa ubaguzi. Ubaguzi ulikuwa na wazazi wengi. Nasema iliuimbia bembea.

Nasi tunatikisa vichwa, tukiwasikitikia Makaburu wale. Nyani haoni kundule!

Desemba ileile ya 1916, majeshi ya Jenerali Smuts, aliyetoka nchi hiyohiyo ya sinema, yalikuwa ndani ya ardhi ambayo leo ni Tanzania, yakipigana na Wajerumani. Nyuma ya majeshi walitembea wapagazi wetu, na kabla vita haijaisha makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Kariakoo, soko letu la Dar es Salaam, ilichukua jina la kikosi chao. Nani kati yetu, akiwa ameshika kitambaa anapatana bei, amewahi kuwauliza? Katikati ya Dar es Salaam imesimama tangu 1927 sanamu ya Askari na bunduki yake. Mpagazi yumo kwenye maandishi ya chini tu, hana uso. Kila sikukuu ya taifa tunaandaa maigizo na halaiki, na kila mara tunawatoa walewale: aliyekufa na mzigo kichwani, mama aliyewapikia wapiganaji usiku, na jirani aliyewauza wenzake. Tunajua. Wazee walitusimulia barazani, tukaitikia, tukanyamaza. Udhuru wetu tunao tayari: watoto wanahitaji mashujaa, tusifukue makaburi, nchi ina amani. Preller angetaka udhuru gani zaidi ya huo?

Tumeukemea uongo wa wenzetu kwa sababu haukutusifu.

Wao angalau wamegusa kidonda. Tangu 1995 tarehe 16 Desemba ni Siku ya Maridhiano, na kandoni mwa Ncome, ng'ambo ya magari 64 ya shaba ya Makaburu, kuna makumbusho ya Wazulu. Kesho sisi tutapita Kariakoo. Atatokea mtu na gunia begani, akipiga kelele apishwe. Tutampisha, bila kumtazama usoni.